Shajara ya mradi: mafunzo ya kumhudumia mtu mwenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja

Mradi kwa ufupi

Mradi huu unawaweka darasa moja wahudumu ambao kwa kawaida hawakutani: wa upande wa uraibu na wa upande wa afya ya akili. Wamo wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii, washauri nasaha, na wasaidizi rika, yaani watu waliopitia uraibu au ugonjwa wa akili wenyewe na sasa wanawashika wengine mkono. Lengo ni rahisi kulitamka: mtu mwenye mambo mawili ahudumiwe yote mawili, kwa wakati mmoja, na watu wanaozungumza wao kwa wao. Naandika kama mratibu wa mafunzo. Nitaeleza tuliyoyafanya, tuliyoyabadilisha na sababu zake, ili atakayetaka kuanzisha mafunzo ya namna hii asianzie patupu.

Maandalizi ya mtaala

Rasimu tuliyoanza nayo ilikuwa imejaa kemia ya ubongo, na namna ya kuongea na mtu iliwekwa mwishoni kama nyongeza. Tumeikata. Kwenye nadharia tumebakiza yale tu ambayo mhudumu akiyajua, anabadilisha anavyofanya kazi kesho yake asubuhi.

La kwanza ni ukubwa wa jambo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, uliohoji watu zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba asilimia 47 ya wenye skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya maishani. Kwa wenye ugonjwa wa bipola, unaompandisha na kumshusha mtu hisia kupita kiasi, ilikuwa asilimia 56. Ukigeuza upande wa pili, zaidi ya nusu ya waliokuwa na tatizo la dawa za kulevya, ukiacha pombe, walikuwa na ugonjwa wa akili pia. Takwimu hizi ni za nchi moja na ni za zamani, kwa hiyo sizitumii kukisia hali ya mahali pengine. Nazitumia kuvunja dhana moja: kwamba mtu mwenye yote mawili ni mgeni adimu anayestahili kupelekwa kwa mtaalamu fulani wa mbali. Mtu huyo yuko kwenye foleni yako leo.

La pili ni ule ubishi wa kipi kilitangulia. Edward Khantzian aliandika mwaka 1985 kwamba wengi hutumia dawa za kulevya kujitibu maumivu ya ndani, na kwamba aina ya dawa mtu anayoikimbilia mara nyingi inaeleza aina ya maumivu. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Sweden waliowafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walikuta kuwa waliovuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuja kuugua skizofrenia katika miaka 15 iliyofuata. Kwa hiyo njia zinakwenda pande zote mbili, na zipo sababu nyingine, kama madhila ya utotoni, zinazozaa yote mawili bila moja kumsubiri mwenzake. Tumeupa mjadala huu muda mfupi makusudi. Darasani unanoga, lakini aliyeketi mbele yako hawezi kusubiri uamuliwe ndipo apate huduma.

Tumebakiza pia ramani ya makundi manne: ugonjwa wa akili mwepesi na uraibu mwepesi; ugonjwa wa akili mkali na uraibu mwepesi; uraibu mkali na ugonjwa wa akili mwepesi; na yote mawili makali. Inasaidia kuamua nani ahudumiwe wapi. Hatari yake ni kwamba watu huipenda mno na kuanza kuwapanga wagonjwa kwenye visanduku badala ya kuwasikiliza.

Wiki ya ufunguzi

Washiriki walikaa kwa kambi bila kuambiwa. Wa uraibu huku, wa akili kule, wasaidizi rika nyuma karibu na mlango. Nikaliacha hivyo hadi mapumziko ya chai.

Zoezi la kwanza tulilipa mhusika wa kubuni, fundi cherehani. Anasikia sauti zinazomtukana, anakunywa ili apate usingizi, na dawa za akili anazimeza siku anazozikumbuka. Kila kundi lilipewa kazi ya kuandika angefanyiwa nini akifika kwao. Majibu yalipobandikwa ukutani, upande wa akili walikuwa wameandika, kwa maneno tofauti tofauti: aache pombe kwanza, kisha arudi tumtathmini. Upande wa uraibu waliandika: atulie akili kwanza, kisha tumpokee. Hakuna aliyeandika jambo la ajabu, kila kambi ilifuata utaratibu wa kazini kwake. Lakini ukizisoma karatasi mbili kwa pamoja, fundi hana pa kwenda.

Kimya kilichofuata kilifanya kazi ambayo mihadhara yangu isingeifanya. Msaidizi rika mmoja alisema yeye alizungushwa hivyo hivyo hadi akaacha kwenda kokote. Hakuongeza neno.

Hapo ndipo mradi ulipata mhimili wake, na nauandika wazi kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Ujuzi wa magonjwa haya mawili si ndio unaokosekana zaidi. Kinachokosekana ni mtu wa kumshikilia mgonjwa wakati wa kuvuka kutoka huduma moja kwenda nyingine. Barua ya rufaa haimshikilii mtu. Kenneth Minkoff alikwisha kuandika mwaka 1989 juu ya kutibu saikosisi (hali ya mtu kuachana na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) na uraibu katika mpango mmoja, na wazo lake kwamba yote mawili yahesabiwe kuwa matatizo ya msingi, pasiwe na moja la pembeni, tumelifanya kanuni ya darasa. Anayeanza sentensi kwa "kwanza aache..." anaombwa aimalizie kwa kusema yeye atafanya nini wakati mtu huyo bado hajaacha.

Tathmini: lini na kwa zana ipi

Zana tulizochagua ni za kawaida na hazilipiwi. AUDIT ya Shirika la Afya Duniani kwa pombe: maswali 10, alama hadi 40, na kuanzia 8 unapaswa kuangalia kwa makini. ASSIST, ya shirika hilohilo, yenye maswali 8, kwa tumbaku, pombe, bangi na dawa nyingine pamoja. PHQ-9 kwa sonona: maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, alama hadi 27.

Kuzijaza si kazi. Kazi ni kujua alama inasema nini kwa mtu aliyelewa jana. Mtu aliye katikati ya ulevi mzito au arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa ulichouzoea, anaweza kupata alama za sonona kali kwenye PHQ-9, kisha zikashuka baada ya majuma machache bila kidonge chochote. Mwingine zitabaki palepale, na huyo sonona yake inajitegemea. Kwa saikosisi, mwongozo wa uchunguzi wa Marekani, DSM-5, unatumia takriban mwezi mmoja: dalili zikidumu zaidi ya hapo baada ya kuacha, uelekeo ni kwamba kuna ugonjwa wa akili unaosimama wenyewe. Ila mwezi huo ni wa kuamua jina la ugonjwa. Washiriki kadhaa walitaka kuugeuza mwezi wa kungoja, na tukabishana hadi muda ukapita. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru anatibiwa leo, na jina la ugonjwa litafuata.

Swali la tisa la PHQ-9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Nusu ya darasa waliona ni afadhali kulizunguka, wakihofia kumpa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi: kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo la kujiua, na wengi hupumua wanapoulizwa. Tulifanya mazoezi ya kulitamka swali kwa sauti, kila mtu na mwenzake, bila kuangalia karatasi: "Umewahi kufikiria kujiua? Leo je? Umepanga namna?" Wengine walicheka kwa aibu mwanzoni. Tuliendelea hadi kicheko kikaisha. Kwa watu tunaowahudumia sisi swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu pombe hupunguza kusita, na mtu mwenye wazo la kufa akiwa mzima anaweza kulitekeleza akiwa amelewa. Ndiyo maana mpango wa usalama tunaomwandikia mtu unataja pia atafanya nini akishikwa na kiu ya pombe usiku, na nani atamtunzia vidonge vyake ili asiwe na akiba kubwa mkononi.

Arosto na dharura

Siku za mada hii zilikuwa ngumu kuliko zote, na kama ningelazimika kufundisha mada moja tu ningefundisha hii.

Wahudumu wa afya ya akili wengi walidhani arosto ya heroini ndiyo inayoua na ya pombe ni ya kuvumilia tu. Ni kinyume. Arosto ya heroini inatesa: mwili kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi, na mtu kuona afadhali afe. Lakini mara chache sana inaua yenyewe, isipokuwa maji yakimwishia mwilini. Ya pombe inaweza kuua. Mikono huanza kutetemeka saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48. Na kuweweseka, pamoja na homa, jasho na kuona vitu visivyokuwepo, huja zaidi kati ya saa 48 na 96. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zina hatari ileile mtu akiziacha ghafla baada ya kuzitumia kwa muda mrefu. Kwa hiyo kumwambia mlevi mkubwa "acha leo, rudi wiki ijayo" ni kumtuma kwenye hatari bila mtu wa kumwangalia.

Kosa linalofuata ni kumwona anayeweweseka na kusema ugonjwa wa akili umempanda. Tulilifanyia igizo dhima. Fundi wetu yuko wodini siku ya tatu, anachuma wadudu hewani, hajui ni saa ngapi, ana homa na mapigo yanakimbia. Swali la kwanza: alikunywa lini mara ya mwisho? Skizofrenia peke yake kwa kawaida haimpi mtu homa wala haimpotezei saa na mahali namna hiyo. Huyu anahitaji daktari sasa hivi, dawa za jamii ya diazepamu kwa dozi inayosimamiwa, na vitamini B1. Vitamini hiyo, thiamini, apewe kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa sababu sukari peke yake kwa mtu aliyeishiwa thiamini inaweza kuharakisha madhara ya ubongo.

Upande wa heroini na jamii yake, hatari kubwa iko baadaye. Mtu akikaa bila kutumia, iwe wodini, gerezani au kwenye nyumba ya nafuu, mwili wake unapoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Siku za kwanza baada ya kutoka ndizo za kuogopwa zaidi, na wodi ya akili inayomtoa mtu aliyetulia vizuri inaweza isijue kabisa kwamba imemtoa akiwa hatarini. Tuliwafundisha wote kutumia naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwamsha aliyezidisha heroini au jamii yake. Jambo walilolisahau mara kwa mara ni kwamba nguvu yake hudumu kama dakika 30 hadi 90 tu, na heroini, au methadoni anayopewa mtu kama tiba badala ya heroini, inaweza kudumu zaidi. Mtu ameamka, anakasirika kwamba umemwondolea stimu, anataka kuondoka. Kaa naye, naye apelekwe hospitali.

Jedwali la dawa zinazogombana tumelipunguza hadi ukurasa mmoja. Methadoni pamoja na pombe au diazepamu: pumzi. Methadoni pamoja na haloperidoli, dawa ya saikosisi: mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari apime moyo. Methadoni pamoja na kabamazepini (ya kifafa) au rifampisini (ya kifua kikuu): kiwango cha methadoni kinashuka, mtu anaingia arosto huku anakunywa dozi yake kila siku, na watu wanamwita mwongo. Hilo la mwisho liliwagusa wasaidizi rika. Mmoja aliliomba liandikwe kwa herufi kubwa, nikaliandika.

Moshi

Sikupanga mada hii iwe ndefu. Ilikuwa dakika chache kwenye ratiba, ikala mchana mzima.

Tulianza na jambo linalojulikana: watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya magonjwa ya mwili, moyo na mapafu mbele. Sigara imo humo katikati. Hata hivyo wodini sigara imekuwa kama pole, na wapo wahudumu waliokiri kwamba humpa mgonjwa sigara ili atulie.

Kisha tukafika kwenye klozapini na olanzapini, dawa za saikosisi. Moshi wa tumbaku huamsha kimeng'enya cha ini kinachoziyeyusha dawa hizi, kwa hiyo mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi kupata nguvu ileile. Akiacha kuvuta ghafla, labda kwa kulazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara, kimeng'enya kinalala na dawa inajaa mwilini. Kiwango cha klozapini kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi katika siku chache. Mtu anasinzia, anatokwa mate, anaweza kupata degedege, na kila mtu anashangaa kwa sababu dozi haijabadilishwa. Mambo hugeuka akitoka wodini na kurudia sigara: dawa inapungua, sauti zinarudi, na anaambiwa hamezi dawa.

Kinachofanya haya ni moshi, nikotini haihusiki, kwa hiyo anayetumia kiraka cha ngozini au ubani wa kutafuna wenye nikotini ni sawa na aliyeacha, na dozi yake inahitaji kuangaliwa. Nilipolisema hilo, muuguzi mmoja mzoefu alifungua daftari lake la zamu za zamani akaanza kuhesabu majina kwa kidole, kimyakimya. Tumeongeza swali la sigara kwenye fomu ya kulazwa na ya kutoka, mstari mmoja tu, unaosomwa na mwandika dawa.

Kuongea

Msingi tuliouchukua ni mahojiano ya kuhamasisha, njia iliyoanzia kwenye makala ya William R. Miller ya mwaka 1983 na kukuzwa naye pamoja na Stephen Rollnick. Kwa ufupi: badala ya kumsukuma mtu, unamsaidia aseme mwenyewe sababu zake za kubadilika, kwa maswali ya wazi, kwa kumrudishia alichosema, kwa kutambua juhudi zake na kwa kufupisha.

Igizo la kwanza, muuguzi na msaidizi rika aliyecheza fundi:

"Kaka, unajua pombe inakuharibia dawa zako?"

"Najua, dada."

"Sasa kwa nini unaendelea?"

"Basi, nitaacha."

Muuguzi aliridhika. Tukamuuliza fundi alimaanisha nini. "Nimemjibu hivyo ili aniache."

Wakarudia.

"Pombe inakusaidia nini, kaka?"

"Inanyamazisha zile sauti. Halafu usiku wa manane zinarudi na hasira."

"Zinanyamaza, kisha zinarudi kali kuliko mwanzo."

"Ndiyo. Na asubuhi mikono inatetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano. Mpaka nionje kidogo."

Mazungumzo hayo ni mafupi, lakini yamempa muuguzi mambo matatu ya kushughulikia: sauti ambazo dawa haijazidhibiti, usingizi, na mtetemeko wa asubuhi, ambao kwa yaliyosemwa kwenye mada ya arosto ni onyo kwamba huyu hatakiwi kuacha kwa siku moja bila usimamizi. Lile igizo la kwanza halikumpa hata moja.

Njia hii inahitaji kurekebishwa kwa mtu ambaye mawazo yake yametawanyika. Sentensi ziwe fupi. Swali moja kwa wakati. Fupisha mara kwa mara, maana yeye mwenyewe anaweza kuwa amepoteza uzi. Usimrudishie maneno ya njozi kana kwamba unayathibitisha, mrudishie hisia: "Inakuogopesha." Na kikao cha dakika 15 kinaweza kuwa kirefu cha kutosha. Washauri nasaha waliozoea saa nzima hawakulipenda hili.

Ubishi mwingine mkubwa ulikuwa juu ya kurudia. Wapo walioshikilia kwamba mtu akionja tu, aondolewe kwenye huduma. Hoja yangu, na nimeisema bila kuipaka sukari, ni kwamba hakuna mgonjwa wa kisukari anayefukuzwa kliniki kwa sababu sukari yake imepanda. Kurudia ni dalili ya ugonjwa tunaoutibu. Kanuni za usalama zibaki: hakuna kuleta dawa za kulevya kwenye jengo, hakuna vurugu. Lakini adhabu ya kufukuzwa inamfundisha mtu kuficha, na anayeficha hasemi hata kwamba ameacha vidonge vya akili. Hatukukubaliana wote. Tulichokubaliana ni kwamba hakuna anayeondolewa bila kikao cha pande zote mbili.

Wasaidizi rika

Hadi kufikia hapa walikuwa wamehama kutoka nyuma ya darasa. Bado palikuwa na mikwaruzo. Mshiriki mmoja alitumia neno "mateja" katikati ya mjadala, kwa mazoea tu, na mmoja wao akatoka nje. Walipokaa tena walitunga wenyewe orodha fupi ya maneno ya kuacha, ikabandikwa ukutani, na kuanzia hapo anayejisahau alionyeshwa ukuta.

Wanachokifanya wao hakifanyiki na mwingine. Mtu ambaye hakumwamini daktari anamwamini aliyelala alipolala yeye. Lakini nguvu hiyohiyo ni mzigo. Kusikiliza hadithi inayofanana na yako, jioni baada ya jioni, kunaweza kukuvuta. Tumewaandikia mpango: kila mmoja ana msimamizi wa kazi ambaye si tabibu wake, kila mmoja amesema mapema dalili zake za kuteleza ni zipi na angependa nani aambiwe. Mipaka pia imejadiliwa kwa mifano halisi: kukopeshana pesa, kutoa namba ya simu ya nyumbani, kumsindikiza mtu mahali ambapo zamani ulinunua. Hilo la mwisho walilijibu haraka kuliko sisi wote: huendi peke yako.

Familia

Mada fupi, na imebaki fupi. Familia wanahitaji vitu vichache: kuelewa kwamba mambo mawili yanachocheana, kujua dalili za hatari, kujua kutumia naloksoni pale inapohusika, na ruhusa ya kuchoka. Ridhaa ya mgonjwa kwanza, kila mara. Mama anaweza kuambiwa namna ya kukabili dharura bila kuambiwa siri za mwanawe.

Baada ya darasa

Sehemu hii ndiyo iliyokula bajeti, na niliitetea mbele ya wafadhili kwa utafiti mmoja. Mwaka 2004 Miller na wenzake walichapisha jaribio la wahudumu 140 wa uraibu waliogawanywa kwa kura kwenye njia tofauti za kujifunza mahojiano ya kuhamasisha. Warsha iliinua ujuzi, lakini waliopata mrejesho wa rekodi zao au kuelekezwa mmoja mmoja baada ya warsha ndio walioushikilia ujuzi huo vizuri zaidi. Kufunga darasa na kugawa vyeti ni kumfundisha mtu kuogelea kwa kumchorea ubaoni.

Kwa hiyo kila mshiriki anarekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya maandishi ya anayehudumiwa, na mkufunzi anasikiliza naye kipande kifupi. Tunahesabu vitu vichache tu: nani ameongea zaidi, maswali mangapi yalikuwa ya wazi, mara ngapi mhudumu alishauri bila kuombwa. Rekodi inafutwa baada ya kikao. Mwanzoni walikwepa. Waliolainika kwanza ni wasaidizi rika, na wengine wakaona haya kubaki nyuma.

Jambo la pili ni kikao cha kesi, pande mbili mezani, wakijadili watu wachache walio kwenye huduma zote mbili. Kila mtu ana mshikilizi mmoja, jina lake limeandikwa juu ya faili. Akipelekwa upande wa pili, mshikilizi anampeleka mkono kwa mkono: anapiga simu mbele yake, ikiwezekana anakwenda naye, na siku chache baadaye anauliza kama alifika. Hiyo "kama alifika" ilikuwa haipo kwenye fomu yoyote ya pande zote mbili.

Upinzani umetoka kwa wakuu wa vitengo, si kwa wahudumu. Kitengo kinahesabiwa kwa watu wake kiliowaona, na mtu anayehudumiwa na wawili anahesabiwa kwa nani? Swali linaonekana la kikarani, lakini ndilo linaloamua kama mhudumu atapewa saa ya kwenda kikao. Mmoja wa wakuu alikubali baada ya kuketi kwenye kikao kimoja. Mwingine bado anatuma udhuru.

Upimaji tumeugawa. Dodoso la kuridhika la siku ya mwisho tunalo, na halina uzito, maana watu huwa wakarimu wakishapewa cheti. Tunachokiangalia ni rekodi, mafaili yenye jina la mshikilizi, watu waliopelekwa na kufika, na kama fomu ya kutoka inataja sigara na naloksoni.

Yanayofuata

Kundi la pili litaanza na wakuu wa vitengo wakiwa darasani kwa mada ya dharura na ya kikao cha kesi, wakifanya igizo kama wengine. Mada ya moshi itapewa nafasi yake kamili. Ramani ya makundi manne itaonyeshwa mwishoni, baada ya watu kuzoea kusikiliza. Fomu ya pamoja ya pande mbili itajaribiwa kwanza kwa wanaohudumiwa tayari, na wasaidizi rika ndio watakaoisoma kabla haijachapwa. Malipo yao bado yako mezani kwa wafadhili. Hadi yatakapoamuliwa, hatutawapangia zamu za usiku.